Zamu Ambayo Mume Wangu Hakuicheza

Mume wangu alikuwa na rafiki huko Kakuma, na kwa miaka minne nilimwonea wivu rafiki huyo. Nalisema hilo mwanzoni ili msomaji asinihurumie kupita inavyostahili. Msiba ulinipata, ndiyo, lakini wivu ulikuwepo kabla ya msiba, ukakaa nami matangani, na sasa ninapoandika haujaondoka wote.

Tuliishi Kanamkemer, nje kidogo ya Lodwar, na bado naishi hapo. Mimi nauza samaki wakavu wanaotoka Kalokol, ziwani. Yeye alikuwa na kibanda cha fotokopi mjini Lodwar, na alitengeneza kompyuta. Mwaka mmoja aliitwa Kakuma kurekebisha kompyuta za shule moja ndani ya kambi ya wakimbizi, kazi ya miezi miwili. Huko alifanya kazi pamoja na Mkongomani mmoja, fundi wa simu sokoni. Ndani ya kompyuta mojawapo, mbovu na yenye vumbi, walikuta mchezo. Kazi ilipoisha, mume wangu alirudi na mchezo huo kwenye laptopu yake, na kitabu cha maelekezo alichokichapisha mwenyewe kibandani, kurasa nyingi zilizofungwa kwa waya wa plastiki, kizito kama Biblia.

Haukuwa mchezo wa kupiga risasi. Kila mchezaji anatawala nchi kwenye ramani iliyogawanywa vyumba vidogo vya pande sita, kama sega la asali. Una watu, nafaka, visima, mifugo, askari na majirani. Mwaka unakwenda kwa misimu. Kila msimu unaamua nani alime wapi, nani achimbe kisima, ng'ombe wahamie wapi, na ukishaamua unafunga msimu, kisha ni zamu ya mwenzako. Ukikosea jambo dogo leo, watu wako wanakufa njaa baada ya misimu mitano na hutajua kosa lilikuwa wapi mpaka urudi kwenye kitabu.

Mtandao wetu ulikuwa wa kukatikakatika, kwa hiyo mchezo ulisafiri kwa flashi. Mume wangu akimaliza zamu yake alimpa dereva yeyote anayepanda Kakuma. Rafiki alicheza yake, akairudisha kwa njia hiyohiyo. Madereva waliijua ile flashi nyekundu kuliko walivyonijua mimi.

Siku za kwanza nilidhani ni mwanamke. Nilikuta ujumbe kwenye simu yake: "Nakungoja. Usikawie. Nimekufungulia mpaka." Nilipiga namba ile kutoka kwenye simu yangu, mikono ikiwa na magamba ya samaki.

"Nani huyo?" nikauliza.

"Ni mimi, shemeji," ikajibu sauti nzito ya mwanamume.

"Shemeji wa nani?"

"Wako. Samaki inauzika leo?"

Nilikata simu. Angekuwa mwanamke ningejua la kufanya. Mambo hayo dada zangu walinifundisha mapema. Hakuna aliyewahi kunifundisha la kufanya na mwanamume mwenzake ambaye mume wako anamkimbilia kwa akili yake yote, akirudi kwako amechoka.

Jioni alikaa na kile kitabu magotini, penseli sikioni. Mara alicheka peke yake. Nilikuwa nikiuliza, "Unacheka nini?" Naye alijibu, "Ah, huku hutaelewa." Hakulisema kwa ubaya. Hakuwa mtu wa ubaya. Niliishia darasa la saba, kitabu kilikuwa cha Kiingereza kigumu, na yeye alikuwa akisema kweli kama alivyoiona. Lakini aliacha kunieleza hata mambo ambayo ningeyaelewa, na mimi niliacha kuuliza. Nyumba yetu ilikuwa ya amani. Tulizungumza kuhusu maji, karo na bei ya samaki. Mazungumzo yake mengine yote yalikwenda Kakuma kwa flashi.

Kisha akaugua. Ilikuwa ini, na haikuchukua hata wiki sita. Siku za mwisho hospitalini alikuwa akilala mchana kutwa, na siku moja alifumbua macho akaniangalia vizuri, nikainama nisikie.

"Flashi imefika?" akauliza.

"Bado," nikasema. Ilikuwa kweli.

Akafumba macho. Baadaye aliomba maji, nikampa kwa kijiko, na hakusema tena. Nimesikia wajane wenzangu wakisimulia maneno mazuri waliyoachiwa. Mimi niliachiwa flashi na maji.

Ilifika siku nne baada ya mazishi. Dereva aliileta mpaka mlangoni, hakujua tumezika. Ilikuwa imefungwa kwa karatasi ya daftari, na kwenye karatasi kumeandikwa kwa kalamu ya buluu: "Yaya, nimemaliza yangu. Sasa ni wewe." Yaya kwa Wakongo ni kaka mkubwa. Niliikunja karatasi tena, nikaitia flashi ndani ya kopo la majani ya chai, nikalifunika.

Hapa lazima nieleze desturi yetu, kwa sababu ndiyo iliyoniuma na ndiyo niliyokuja kuivunja. Mturkana mwenye mifugo haiweki yote mahali pamoja. Anampa rafiki wa mbali wanyama wawili watatu amkalie nao, na rafiki naye analeta wake huku. Ukame ukija upande mmoja, au wezi, upande wa pili kunabaki kitu. Mtu akifa, wale waliomshikia mifugo wanakuja nyumbani kwake wenyewe. Hakuna anayewaita wala kuwafuata. Mtu anasimama mbele ya wazee na wajane anasema: mimi nina ngamia wake wawili, mmoja amezaa. Urafiki wenyewe unapimwa siku hiyo.

Kwa mume wangu walikuja watatu. Mmoja alitembea siku mbili na mbuzi wetu wanne ambao mimi sikujua hata kama wapo. Nilikuwa nimeketi nimevua shanga zote kama mjane, nikiwasikiliza, na moyoni nilikuwa nikihesabu mtu wa nne. Nilisema, kama kweli alikuwa rafiki kuliko hawa, aje. Asimame kama hawa. Hakuja. Alipiga simu tu, na mimi niliitazama ikilia. Alipiga tena kesho yake, na keshokutwa. Mara ya nne nilipokea. Alilia sana, nikamwacha alie. Alipotulia akauliza kama ile flashi ilifika.

"Haikufika," nikasema.

"Imepotea njiani?"

"Sijui. Haikufika."

Akasema basi, Mungu akubariki shemeji. Kopo la chai lilikuwa mbele yangu.

Sikuwa na mpango wakati ule. Nilichotaka ni kwamba yeye asiwe nayo. Lakini siku chache baadaye nilikichukua kile kitabu kukiondoa mezani, na badala ya kukiweka kabatini nikakaa nacho. Zamu ya mume wangu ilikuwa ikingoja ndani ya flashi, msimu mmoja ambao hakuucheza. Nikajiambia: nitaucheza mimi. Nitajifunza mpaka nijue alichokuwa akiona, kisha nitaucheza, na Mkongomani atabaki nje kama nilivyokaa nje mimi.

Kutoka saa sita hadi saa kumi mchana hakuna anayenunua samaki Lodwar, jua haliruhusu. Hayo ndiyo yaliyokuwa masaa yangu. Nilikaa chini na kitabu, kamusi ya shule, na laptopu yenye betri ya nusu saa iliyotegemea sola. Sura ya kwanza ilinichukua wiki nzima. Kulikuwa na majedwali ya nani anakula kiasi gani, na sentensi moja chini yake kwa herufi ndogo, kwamba chakula hutolewa kabla mavuno hayajaingizwa. Sikuielewa. Nilianzisha mchezo wa mazoezi, watu wangu wakalima vizuri, na katika msimu wa saba wote walikufa wakiwa na mahindi shambani. Niliurudia, wakafa tena. Mara ya tatu ndipo nilipoiona ile sentensi na kuelewa: tumbo haliwezi kungoja mavuno, lazima ghala liwe na kitu kabla. Jambo hilo mwanamke wa Turkana hahitaji kufundishwa, lakini lilikuwa limeandikwa kwa namna ambayo nilishindwa kulitambua.

Mume wangu alikuwa amechapisha pia maswali na majibu ya wachezaji wa nchi nyingine, akayabana kwa pini. Wengi walikuwa wakitukanana. Kwenye simu nilipata video za mzungu mmoja aliyeongea haraka mno. Nilizima sauti nikawa nafuata mshale wake tu, anapobonyeza, anaporudi, anaposita. Alipokuwa akisita nilijua hapo pana ugumu, nikatafuta ukurasa.

Lakini mwalimu wangu mkubwa alikuwa pembeni mwa kurasa. Mume wangu aliandika kwa penseli, na mwandiko wa pili wa kalamu ya buluu ulimjibu, kwa sababu kitabu nacho kilikuwa kikienda Kakuma na kurudi. "Yaya, hapa kitabu kinadanganya." "Hakidanganyi, wewe una haraka." Kwenye ukurasa unaosema mbuzi ni mali ndogo isiyoathiri uchumi wa nchi, nilikuta mazungumzo marefu.

Penseli: "Aliyeandika hii hajawahi kuoa."

Buluu: "Kwetu ni mbuzi mmoja na bia, bibi anakuja."

Penseli: "Basi ningeoa kwenu ningeokoa ngamia."

Nilicheka kwa sauti, peke yangu, jasho likinitoka. Kilikuwa kicheko kizuri, na nilijua ndicho kile kilekile alichokuwa akicheka jioni. Kisha nikakumbuka kwamba ngamia hao walitolewa kwa baba yangu, kwa ajili yangu. Wawili hao walikuwa wamenifanyia mzaha, nami nimekaa umbali wa hatua tatu nikisonga ugali. Nilichukua kifutio nikafuta maneno ya penseli ya mwisho. Ya buluu hayafutiki. Nikabaki na kalamu ya Mkongomani ikijibiwa na mahali peupe, ikawa mbaya kuliko mwanzo.

Miezi mitatu ilipita hivyo. Nilijua nafaka, visima, barabara, magonjwa ya mifugo. Sura moja tu ilinishinda, ile ya mikataba kati ya nchi na nchi. Ilikuwa ndefu, ya maneno ya kisheria, na pembeni mume wangu hakuandika maelezo yoyote, ila maneno mawili: "Angalia daftari." Nilitafuta daftari hilo nyumba nzima na kibandani. Nikakumbuka kuwa lilikuwepo moja la jalada gumu, walilotafsiria mambo magumu kwa Kiswahili, na kwamba zamu ya kulihifadhi ilikuwa ya Kakuma. Kupiga simu kulikuwa kazi ya dakika moja. Sikupiga. Niliiruka sura.

Nikafungua flashi.

Nchi ya mume wangu ilikuwa nzuri. Nasema hivyo kama mtu aliyeshajifunza kuona. Visima vilikuwa vimepangwa ili ng'ombe wasitembee zaidi ya vyumba viwili bila maji. Maghala yalikuwa mbali na mpaka. Miji na visima alivipa majina: mlima wa kwao, mto, shule aliyosoma, hata mbwa wetu aliyekufa. Nilipekua ramani kona hadi kona nikitafuta langu. Halikuwepo.

Halafu nikaona ng'ombe. Karibu nusu ya ng'ombe wake wote hawakuwa kwake. Walikuwa ndani ya nchi ya Mkongomani, kwenye majani mazuri kando ya ziwa, wakiwa na alama ya rangi ya mume wangu. Damu ilinipanda. Nilisema, kumbe. Amekufa, na bado huyu anamshikia mali. Watatu walikuja kusimama mbele ya wazee, huyu amekaa kimya na nusu ya kundi.

Kitabu kilisema mifugo iliyo ugenini inaweza kuitwa nyumbani wakati wowote. Nilibonyeza kuwaita. Dirisha dogo likatokea na maneno ya Kiingereza, sentensi tatu. Nilisoma mwanzo na mwisho. Mwanzo lilikuwa onyo na mwisho lilikuwa swali. Nikajibu ndiyo. Nikafunga msimu.

Ng'ombe walitoka ziwani wakaanza kuvuka vyumba sita vya nchi kavu, msimu wa kiangazi, bila kisima hata kimoja cha kunywea, kwa sababu visima vya njia hiyo vilikuwa vya rafiki, na mimi nilikuwa nimeuvunja mkataba uliowaruhusu kunywa. Namba ilishuka mbele ya macho yangu. Walifika theluthi moja. Mpaka wote wa mashariki uligeuka mwekundu, maana yake majirani si marafiki tena. Na mchezo ulikuwa umejihifadhi wenyewe juu ya ule wa zamani, ndani ya flashi ileile. Nilijaribu kurudi nyuma. Haikurudi.

Ule msimu mmoja uliobaki wa mume wangu ulikuwa umechezwa, na ulichezwa na mtu mwenye hasira.

Kwa wiki mbili sikumwambia mtu. Kisha dada yangu mkubwa, anayeishi Nawoitorong, alinijia akanikuta nimekaa tu, samaki hata sijawageuza juani.

"Nani amekufa tena?" akauliza.

"Ng'ombe," nikasema. "Nimeua ng'ombe wa mtu."

"Ng'ombe gani? Wewe uko na gari?"

"Wa kompyuta."

Nilidhani atacheka. Nilimweleza yote, flashi, uongo, ziwa.

"Hao wa kompyuta wako na mwenyewe ama hawana?"

"Wanaye."

"Na ulitoa kwa rafiki ya bwanako bila kwenda kuongea na yeye?"

"Hakuja kwa matanga."

"Mkimbizi atatoka kambi aje huku na nini? Si lazima apewe karatasi ya ruhusa? Hiyo hukujua?"

Nilijua. Mtu gani wa Lodwar hajui? Nilikuwa nimeliweka pembeni nisilitazame, kama kopo la chai.

"Sasa amka," dada akasema. "Ungefanya hivyo kwa ng'ombe wa kweli, baba angekuchapa na uzee wako huo. Enda useme."

Nilikwenda Kakuma Jumamosi iliyofuata. Kibanda chake kilikuwa upande wa kambi wa Wakongo, mabati, na ndani mezani simu zilizofunguliwa matumbo. Alikuwa mfupi. Sijui kwa nini nilikuwa nimemfikiria mrefu. Alinitambua kabla sijajitaja.

"Ejok," akanisalimu kwa lugha yangu, kisha akaendelea kwa Kiswahili chake. "Karibu, shemeji. Ikala, ikala hapa," akasema akinisogezea kiti.

Mkewe alitoka nyuma akiwa na unga mikononi. "Ni huyu bibi ya yaya wa Lodwar?"

"Ni yeye."

"Karibu, dada. Kumbe tulikuwa na mke-mwenza, mimi na wewe."

"Mke-mwenza gani?"

"Ile mashini! Si ndiyo ilibaoa bwana zetu bote babili? Bwana yangu chakula inakuwa baridi, anasema ngoja, niko nachimba kisima. Kisima wapi, na hapa kwa bomba maji hakuna tangu asubuhi!"

Nilicheka, na kucheka kule kulifanya iwe vigumu zaidi. Nilitoa flashi nikaiweka mezani katikati ya simu.

Aliitazama. "Ulisema haikufika."

"Nilidanganya. Ilifika siku nne baada ya mazishi."

Aliichomeka kwenye laptopu yake, ramani ikafunguka, akainama. Hakuchukua hata dakika moja.

"Hii si yaya," akasema.

"Ni mimi."

"Weye? Nani alikufundisha?"

"Kitabu. Na mlivyoandika pembeni."

"Ngombe wa yaya uliwatoa kwa nini?"

"Walikuwa wa mume wangu. Nilidhani umewashika."

"Niliwashika, ndiyo! Alinipa nimushikie. Ni yeye alinifundisha hii, shemeji. Mimi sikuwa najua. Kwetu tunalima." Alinyoosha mkono chini ya meza akatoa daftari la jalada gumu. "Angalia kwa kaye. Ni mwandiko yake."

Ilikuwa ile sura ya mikataba, kwa Kiswahili, kwa penseli. Na chini ya maelezo ya malisho ya ugenini mume wangu aliandika: "Hii ni kama kwetu. Usimtoe mnyama kwa rafiki kabla ya kwenda kukaa naye na kuzungumza. Ukimtoa kimya, umemtukana." Jambo hilo nililijua kabla ya kujua kusoma. Bibi yangu alilisema jioni nyingi. Nilikuwa nimelivunja mimi, Mturkana, dhidi ya Mkongomani aliyelishika.

"Alinifundisha tena kwamba mutu akikufa, mwenye kushika anakuja mwenyewe kusema," akaendelea. "Nilienda kwa ofisi ya kambi kuomba karatasi ya safari. Bakaniuliza, aliyekufa ni nani yako? Nikasema yaya. Bakaangalia majina, bakasema huyu si ndugu yako. Basi nikakuita kwa telefone. Mara tatu haukukamata."

"Nilikuwa naiona ikilia."

"Uliiona?"

"Niliiona."

Mkewe alikuwa ameacha kukanda. Mumewe alifuta macho kwa mkono wa shati, akasema polepole, bila hasira, "Weye ulimuona. Ulimupa maji, ukamuzika. Mimi nilibaki na telefone. Nilikuwa na wivu juu yako, shemeji. Wivu mubaya kabisa."

Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba kuna mtu anaweza kunionea wivu mimi, kwa siku zile. Niliomba radhi, kwa maneno ya kawaida, kwa sababu mengine sina.

Ndipo akaniambia kwamba ana kopi. Kila anapotuma flashi huweka nakala kwenye mashine yake, na ile ya mwisho ipo kama alivyoituma: ng'ombe ziwani, mkataba mzima, msimu unangoja. Alinionyesha jina la faili tu, hakuifungua.

Nilipaswa kufurahi. Badala yake nikasema, "Ifute."

"Nini?"

"Ifute. Ile niliyoharibu iwe ndiyo hiyo tu. Nakuomba."

Mkewe akasema, "Si umufanyie, papa? Amefiwa."

"Na mimi nimefiwa," akajibu. Kisha kwangu: "Shemeji, umekuja kusema kweli, na mimi nasema kweli. Hiyo sitafanya."

Nilijua nilichokuwa nikiomba. Maadamu kopi ile ipo, kuna zamu ya mume wangu ambayo haijachezwa, na iko kwake, si kwangu. Sikuweza kuvumilia, na bado nilijua nikishinda nitakuwa nimeua kitu cha pili.

"Na hii yako?" akauliza, akigeukia ramani yenye mpaka mwekundu. "Nifanye namna gani? Umevunja mukataba."

"Fanya kama unavyomfanyia aliyevunja."

Akanitazama kuona kama nasema kweli. Kisha akacheza. Hakunihurumia hata kidogo. Alifunga malisho ya ziwa, akaleta askari, akachukua visima vyangu viwili vya mashariki, na kimoja kilikuwa kile chenye jina la mbwa. Mkewe alisema, "Ee, mugeni wako!" Yeye alisema, "Si mugeni, ni muchezaji," bila kuinua macho. Nilimtazama mkono unavyokwenda, unapositasita, na nikaelewa kila alichokifanya na kwa nini. Mume wangu hakuwahi kuniona nikielewa.

Kabla sijaondoka nilimuuliza swali moja. "Ramani nzima, hata mbwa ana jina. Kwa nini langu halipo?"

Alifikiri. "Sijui, shemeji."

"Hakuwahi kusema?"

"Juu yako alikuwa anasema. Juu ya jina kwa ramani, hapana. Sijui."

Angeweza kunitungia kitu kizuri. Kwa sababu hakutunga, nilimwamini katika mengine yote.

Daftari hakunipa. Aliniruhusu niketi na kulinakili, na nilinakili sura ya mikataba yote mchana ule, mkewe akiniletea chai na kuniuliza bei ya samaki wa Kalokol. Nilirudi Lodwar na flashi. Nilicheza msimu wangu, nikampelekea. Tunaendelea. Kisima kimoja nimekirudisha, kwa mazungumzo, si kwa askari.

Kopi bado iko kwake na hajaifungua. Siku hizi simwombi tena aifute. Namwomba anipe nakala yake, niiweke tu nyumbani. Nimeomba mara mbili, na mara mbili amesema bado. Nakasirika kila mara. Halafu nakaa nafikiri kama ingekuwa kwangu na yeye ndiye anayeomba, na najua nisingempa.